Mto wa Wenzao

Nahodha wa kivuko alikuwa na viganja vigumu kama soli na sauti iliyoushinda mngurumo wa injini. Kila safari aliusifu mto wa kwao na kuukejeli ule wa jiji jirani.

"Ule nao mto? Mfereji tu! Gati lao hata bata analionea haya!"

Abiria walicheka mpaka mbavu ziwaume. Asubuhi moja mama mmoja, mgeni, hakucheka.

"Mfereji huo ulimchukua mwanangu, baba," alisema taratibu.

Nahodha alivua kofia. Akazima injini katikati ya maji, akaja akaketi sakafuni, miguuni pa yule mama.

"Nisimulie habari zake, mama."

Mama akaanza kusimulia. Kivuko kilichukuliwa polepole na mkondo, na hakuna abiria aliyelalamika kuwa anachelewa.