Kifaa cha Sita Juu ya Kasumbalesa

Mzee wetu wa hali ya hewa amefariki. Wasomaji wa safu hii mlimfahamu bila kumwona: kila nilipoandika hapa kwamba mvua itachelewa, nilikuwa nimempigia simu ofisini kwake, kwenye uwanja wa ndege wa Luano. Kwenye kilio, mtaani kwake Bel-Air, nilimkuta mjane wake akiwachekesha waombolezaji kwa habari ya safari moja ya ndege ya marehemu. "Bengine bakitoka Kasumbalesa banaleta bunga," alisema, maana ni huko mpakani na Zambia tunakonunua unga wa ugali. "Wa kwangu alifika mpaka kwa juu yake, akarudia mikono mitupu."

Safari hiyo naijua, maana nilikuwa nimeketi nyuma ya Mzee. Watafiti wageni walileta ndege ndogo na vifaa sita, kila kimoja bomba jepesi lenye parashuti. Kikidondoshwa kutoka juu, hushuka ndani ya dhoruba kikituma kwa redio joto, unyevu na upepo wa kila tabaka mpaka kiguse ardhi. Mzee alikuwa amekisubiri kitu hicho maisha yake yote ya kazi. Miaka mingi alizitabiri dhoruba zetu kama daktari anayemtibu mgonjwa aliye nyuma ya ukuta. Sasa alipewa siku moja, na mahali pa kudondosha angechagua mwenyewe. Vitano vilishuka juu ya pori, katika mawingu ya kawaida. Alasiri ikasimama mbele yetu dhoruba aliyoitamani, pana, nyeusi, juu kabisa ya Kasumbalesa.

"Papa, tuachilie?" rubani aliuliza.

Mzee alichungulia. Pembeni mwa wingu foleni ya malori ilionekana, haina mwisho.

"Apana. Kwa chini iko bantu."

"Si iko na parashuti?"

"Na ikikatala kufunguka? Bashofere beko kule banapika. Tuzunguke."

Tulizunguka mpaka mafuta yakaturudisha. Dhoruba haikuiacha foleni ile. Tulipotua, kifaa cha sita kilikuwa mapajani mwake.

Jioni alitangaza, kwa kile kidogo alichokuwa nacho, kwamba dhoruba itaelekea Zambia. Ikageuka, ikaja kwetu. Mabati ya Bel-Air yaliruka, ya kwake yakiwa ya kwanza. Majirani walimtania kwa miezi: "Papa Météo, leo tuanike nguo ao tufunge mabati?" Naye akiwajibu: "Mufanye yote mbili."

Katika mji huu wa migodi hatuchoki kupima kilicho chini ya nyayo zetu. Mashine hutoboa mwamba usiku na mchana, na jiwe likipatikana linajulikana lina nini ndani yake. Anga linalotuezua mapaa halina anayegharimia kulipima. Ndege ya aina ile haijarudi, na kila mawingu yanapopanda upande wa mpaka najikuta nimeshika simu, nikitafuta namba ambayo hataipokea tena.

Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimuuliza kama alijuta.

"Ninajutaka kila mvua," alisema. "Ile karatasi ya kupokea vipimo vya kifaa ya sita iko tupu. Kama tungeisoma, pengine tungejua itageuka."

"Na kama wangekurudisha mule mu ndege?"

"Singeiachilia."

"Hata ukijua paa lako litaenda?"

"Paa tulirudisha, mutoto yangu. Muntu, unamurudishaka na nini?"

Kazi yangu ni kutaka kujua, na kujua kabla ya wengine. Nimechapisha mambo mengi kwa haraka hiyo, mengine yakawaangukia watu ambao sikuwahi kuwachungulia. Mzee alikuwa na kiu kunizidi, na siku yake ilikuwa moja tu. Alichungulia kwanza.