Kompyuta Iliyotekwa kwa Utani

Nawachukia wanunuzi wa mtandaoni. Nasema mapema ili asiyependa maneno ya mtu mwenye hasira ashike njia yake. Fremu yangu ya duka iko Usagara, imegusana ukuta na ya kinyozi, na nauza vilivyokwisha kutumika: simu, redio, televisheni, kompyuta za kukunja, chaja za kila namna. Napiga picha, naandika tangazo, naliweka mtandaoni, halafu balaa linaanza kuingia kwenye simu.

Kwanza anakuja mtu wa "Ipo?" Tangazo nimeliweka asubuhi hiyo hiyo, naye anauliza kama ipo. Namjibu ipo. Anapotea, kesho anarudi: "Ipo?" Halafu yule wa "maongezi yapo?", ambaye ukimpunguzia anataka tena, ukimpunguzia tena anasema atakuja mwisho wa mwezi, wala hasemi mwezi gani. Kuna aliyetaka kunipa majogoo na baiskeli mbovu kwa televisheni. Kuna aliyesema yuko mkoani, nimtumie mzigo kwa basi, pesa ataleta akishauona, na nilipokataa akaniambia sina imani, tena mwezi mtukufu.

Hao ni wasumbufu tu. Wabaya ni wenye adabu. Anakuamkia, anakuombea dua, anakuita mama, kisha anakutumia ujumbe wa malipo aliouandika mwenyewe kwa kidole chake, umefanana na wa kweli mpaka nukta ya mwisho, ila umetoka kwenye namba ya mtu kama wewe na mimi. Wa namna hiyo nimeshamtimua hapa mlangoni na ndara mkononi, na sikuona haya.

Kwa hiyo nilijiwekea sheria. Kitu hakivuki meza yangu kabla sijaangalia salio mwenyewe. Aje shehe, aje padri, aje mtoto wa dada yangu. Kinyozi alizoea kusema kwamba hata Ziraili akija kunichukua nitamwambia asubiri kwanza niangalie salio.

Sasa, Chumbageni ninakokaa, chumba cha pili kutoka changu alipanga bibi mmoja wa Kipemba. Alikuwa amevuka bahari kufuata matibabu ya macho. Mtoto wa jicho alimfunika pande zote mbili, na tulipofahamiana alikuwa anaona vivuli tu. Mimi alinijua kwa sauti na kwa mwendo. Jioni nikiingia uani namwamkia, ananiitikia "marahaba, mwanangu" kabla sijamaliza, kisha ananiuliza leo nimegombana na nani.

Mjukuu wake, kabla hajaondoka kwenda Maskati kutafuta maisha, alimwachia kompyuta yake aiuze, apate kufanyiwa upasuaji. Bibi akaniletea imeviringishwa kwenye kanga. Ilikuwa kompyuta nzuri, betri yake nzima, na juu ya kifuniko ilikuwa na kibandiko cha kijani kilichoanza kubanduka pembeni. Akaniwekea mapajani.

"Hii amana, mwanangu," alisema. "Mie n'takacho nirudi Pemba nikawaone wajukuu zangu kwa sura. Nsiwapapase kama n'nachagua maembe."

Mzigo wangu mwenyewe ukiibwa, nimeibiwa mimi, nitatukana, nitalala, nitaamka. Amana ni jambo jingine. Nilimwahidi kwamba atapata macho yake kwa kompyuta hiyo, na nilimwahidi huku nimemshika mkono.

Aliyekuja kuinunua alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, bodaboda inamngoja nje. Mtandaoni tulikuwa tumeelewana bei bila vita, na hilo peke yake lingenitosha kumshuku. Akaiwasha, akaipekua, akajaribu kila kitufe. Kisha akaniuliza mimi kabila gani. Nikamwambia babu yangu mzaa baba alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akazikwa huku huku.

Akapiga makofi. Yeye Mbondei, akasema, wa Muheza, kwao karibu na njia panda, ukoo mzima wakulima wa machungwa. Kumbe mimi mtani wake.

Asiyejua utani hatanielewa. Sisi Wanyamwezi na Wabondei tunataniana tangu zama za wapagazi. Mtani hukutukana mbele za watu nawe ukacheka. Huteka kitu chako, ukakikomboa kwa sarafu au kwa soda, na hakuna kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Msibani ndiko hasa utani unakokaa. Babu yangu aliwahi kushuka ndani ya kaburi la rafiki yake Mbondei kabla jeneza halijateremshwa, akalala humo chali, mikono kifuani, akasema nyumba ameipenda na hatoki. Wafiwa walimkomboa kwa kuku. Nilikuwa mdogo, na mpaka leo nakumbuka mjane alivyocheka huku machozi yanamtoka.

Basi yule kijana akaanza. Akasema manamba wa kukata mkonge tangu lini akamiliki kompyuta, bila shaka nimeiiba kwa bwana wa shamba. Nikamwambia Mbondei kompyuta ataijulia wapi, ataipiga kisu aone kama ina maji. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akaja mlangoni kusikiliza. Nilikuwa sijacheka hivyo siku nyingi. Kazi yangu ni ya kununa kutwa, na huyu alinikumbusha ua wa babu.

Simu yangu ikalia. Ujumbe: umepokea pesa, kiasi tulichopatana. Nikanyoosha kidole niangalie salio, na hapo ndipo alipoinyakua ile kompyuta, akaikumbatia, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nimeiteka hii," alisema. "Mnyamwezi akitaka kuikomboa aje Muheza na debe la asali."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka, nimejishika kiuno. Mtani hakimbizwi, ukimkimbiza umenuna. Alipanda bodaboda akanipungia mkono, nami, mjinga wa mwisho, nikampungia. Ndipo nikaangalia salio. Hakukuwa na kitu. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya mtu.

Nilipiga, simu haipatikani. Niliandika, nikakuta amenifungia. Sikulia. Nilihisi joto kuanzia shingoni mpaka kwenye meno, nikamgeukia kinyozi nikamtukana kwa kucheka kwake, kisha mteja wake, kisha kioo. Kituoni askari wa zamu alisikiliza mpaka nilipofika kwenye utani, akaweka kalamu chini. Alitaka kujua kama yule mtu aliondoka nayo mbele yangu, nami nikicheka. Nikasema ndiyo. Akasema kesi ya kuchukuliwa na mtani hajawahi kuiona, ila ataandika. Nilitoka pale nikimchukia na yeye.

Kumwambia bibi ndilo lililokuwa gumu. Nilimweleza yote, hata kule kupunga mkono. Nilitaka anitukane, ningepumua. Alipapasa mkeka mpaka akapata kanga aliyoiviringishia kompyuta, akaikunja vizuri, akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo nikiingia uani akaacha kuniuliza nimegombana na nani.

Picha ya yule mwizi nilikuwa nayo, ile aliyoiweka kwenye ukurasa wake, niliyoihifadhi kabla hajanifungia. Niliisambaza kwa kila aliyekuja dukani, anataka hataki. Anayenunua chaja, namwonyesha. Anayeulizia redio, namwonyesha, na kumlaani bure kwa kuwa naye ni mnunuzi. Wiki zikapita. Siku moja akaja mama muuza machungwa wa Muheza, mteja wangu wa simu, akaitazama picha akasema huyu si mgeni kwake. Kwao ni pale pale karibu na njia panda. Tena wana msiba, baba yake mkubwa amefariki, wanazika kesho.

Kwa hiyo hapo hakudanganya. Pesa zilikuwa za uongo, jina la uongo, lakini Ubondei wake na Muheza yake vilikuwa vya kweli. Alijua kucheza utani kwa sababu alilelewa nao. Nikafunga fremu.

Kesho yake nilijitanda kanga mbili, nikaingia msibani kama mtu mwingine yeyote. Nilitoa rambirambi, niliwapa pole wafiwa, nililia kidogo, maana marehemu hakuwa amenikosea. Tulipoanza kwenda makaburini nikamwona. Alikuwa mbele ya jeneza, shati limepigwa pasi, amebeba msalaba. Hakuniona. Nilisikia miguu inataka kumrukia pale pale, lakini nikajizuia, nikapita pembeni nikafika kaburini mapema. Majembe na mabeleshi yalikuwa yamelazwa juu ya udongo. Nikayakusanya yote, nikayakalia.

Padri akasoma, jeneza likateremshwa, vijana wakageuka kuchukua mabeleshi. Wakanikuta. Nikasema mimi Mnyamwezi, mtani wao, nimeyateka, na leo Mbondei hazikwi. Kicheko kikazuka, kile kicheko cha msibani chenye kuwapumzisha watu, na mtu mmoja akaanza kuzungusha kofia. Sarafu zikalia. Wakaniletea kofia nzima. Nikaisukuma.

Wakaongeza. Nikaisukuma tena. Kicheko kikapungua. Jua lilikuwa utosini na padri ameshafunga kitabu. Akaja dada wa marehemu, mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye fimbo, wakampisha njia. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimekaa, sikuinuka.

"Marahaba," alisema. "Mtani, umecheza vizuri. Sasa sema unachotaka tumstiri ndugu yetu."

"Nataka kompyuta ya bibi kipofu," nilisema. "Iko kwa huyo aliyebeba msalaba."

Ningetamani kila niliyewahi kudhulumiwa naye aione sura ya yule kijana wakati huo. Alisema shangazi asinisikilize, mimi natania tu. Nikaeleza kwa sauti, watu wote wasikie: duka, ujumbe, bodaboda, macho ya bibi. Nikasema alivyoinyakua alisema ameiteka, kinyozi ni shahidi, na mimi nilimwachia kwa sababu ni mtani. Shangazi yake hakupaza sauti.

"Mtani anateka," alimwambia. "Alichokiteka anakirudisha. Wewe umerudisha?"

Kijana akatazama chini. Alianza kusema kwamba ilikuwa biashara, kwamba angelipa, na kila neno lilizidi kumzamisha. Shangazi akamnyang'anya msalaba, akampa mtoto wa marehemu. Akasema ndugu yake atalala kwenye jua mpaka hicho kitu kifike, na aibu hiyo ataibeba aliyeileta.

Tulingoja. Hakuna aliyenitania tena na mimi sikumtania mtu. Wapo walionitazama kwa chuki, na sikuwalaumu. Mtu wao alikuwa shimoni hana udongo. Nami niliwatazama kwa chuki vilevile, maana wamo humo waliokula naye, na sikuamini kwamba hakuna aliyejua kazi yake. Msiba wa watu niliushikilia hivyo hivyo, nimeukalia. Sijutii.

Kijana akarudi na kiroba cha unga. Ndani yake kompyuta, kibandiko cha kijani pembeni kimebanduka zaidi. Sikuinuka. Niliiwasha pale pale ukingoni mwa kaburi, nikaijaribu kitufe kimoja kimoja kama alivyofanya yeye dukani kwangu, padri na wafiwa wote wamesimama. Ilipowaka mpaka mwisho nikaifunga, nikaiweka chini ya kwapa, nikagawa mabeleshi. Shangazi akanitia sarafu moja kiganjani, kwa kuwa mtani haondoki mikono mitupu. Nikaipokea, na nikatupa udongo wangu pamoja nao.

Aliyekuja kuinunua kompyuta baadaye alikuwa mwalimu, mpole, mwaminifu kabisa, na nilimchukia muda wote aliokuwa dukani. Nilimkataza kuigusa mpaka pesa ziingie. Aliponiuliza kama mimi ni mwenyeji wa huku, nikamwambia hapa hatuulizani kabila. Niliangalia salio, nikaliangalia tena, ndipo nikamsukumia. Aliondoka bila kuaga.

Bibi alifanyiwa upasuaji. Siku walipomfungua bandeji nilikuwa nimekaa mbele ya kitanda chake. Alipepesa, machozi yakamtiririka, akanikazia macho kitambo kirefu, kuanzia paji la uso mpaka kidevu. Nilidhani hanijui. Nikamwamkia ili anitambue kwa sauti.

"Marahaba," alisema. "Kumbe una uso mkali hivi, mwanangu. Mie siku zote nilidhani ni sauti tu."

Nikamwambia uso huo ndio uliomletea macho, auzoee. Akacheka, kisha akauliza, kwa mara ya kwanza tangu wizi ule, leo nimegombana na nani.