Uzio wa Kaktusi wa Mama Ngalula

Mwanangu, siku ile mjomba alipofika kwetu mtaa wa Ruashi na panga begani, naikumbuka kana kwamba ni juzi, na kila nikimkumbuka mama yangu siku hiyo natembea kifua mbele, hata kwa miguu hii inayouma.

Jimbo letu la Katanga lilikuwa limejitenga na nchi, na watu wenye asili ya jimbo la Kasai walikuwa wakiwindwa mjini. Jirani yetu Mama Ngalula, mmoja wao, alikimbilia kambi ya wakimbizi na watoto wake, godoro kichwani. Aliacha nyumba yake, na uzio wa kaktusi alioupanda kwa mkono wake mwenyewe.

Unaujua mti huo. Wenye vitabu husema si kaktusi halisi, basi waseme, sisi tumezoea hivyo. Huota juu ya vichuguu vikubwa vya huku kwetu, ukapita paa la nyumba, hauna majani, matawi yamesimama wima kama mishumaa ya altare. Ukikauka, mbao zake ni nyepesi. Ukiwa mbichi hutoa maziwa makali ambayo wavuvi huyamwaga mtoni samaki walewe, na mbuzi hata haukaribii. Kwa hiyo tuliupanda mpakani. Ukiona kaktusi zimepangwa mstari, unajua kiwanja, lupango kama tunavyosema, kina mwenyewe.

Mjomba alikuja kuung'oa mstari huo.

"Benyewe banakimbia, habatarudia," alimwambia mama. "Hii lupango tuikamate mbele ya bengine."

"Yaya," mama alijibu, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "lupango iko na mwenyewe. Akirudia, mi nitamwambia nini?"

"Na batoto bako, nani anabalisha?"

Baba yetu alikuwa amekufa, na unga wa bukari, yaani ugali, tuliokula ulitoka kwa mjomba. Niliogopa, mwanangu. Nilijua akiondoka kwa hasira tutalala njaa. Lakini mama hakusema ndiyo.

Mjomba akaanza kukata. Mashina kadhaa yalianguka, kisha maziwa yakamrukia jichoni. Alipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Mama alimlaza kichwa mapajani, akamwosha jicho kwa maji, beseni baada ya beseni, hadi jua likazama. Hakumsimanga hata kwa neno moja. Mimi ningemsimanga, sikufichi.

Jicho lilipona, ingawa tangu hapo lilikuwa likitoka machozi ovyo. Mama naye alipanda kichuguu, akakata matawi mapya, akayaweka kivulini mpaka vidonda vyake vikakauka, kwa kuwa ukiyapanda yakiwa bado yanatoka maziwa huoza. Siku ya kuyapanda alikuwa karibu kuanza kuchimba peke yake. Mara mjomba akatokea, kitambaa jichoni.

"Mutoto, leta jembe," akaniambia, na mashimo yote akayachimba yeye.

Vita vilipokwisha Mama Ngalula alirudi. Alitembea taratibu kando ya uzio wake, akafika penye miti michanga iliyomfikia kifuani, akasimama.

"Nani alipanda hizi?"

Mjomba alitazama chini. Nilijua anangoja mama aeleze yote, tangu lile panga.

"Ni yaya," mama akasema. "Alichimba mashimo yote."

Mama Ngalula akamshika mjomba mikono miwili, akamshukuru. Mjomba akalia kwa macho yote mawili. Tangu siku hiyo hakuna aliyemzidi kuulinda uzio ule.

Basi mwanangu, mwenzako akiwa hayupo, mpaka wake uulinde kama yupo. Hata anayekulisha akikuambia uuvunje, kataa, na ukatae kwa heshima. Naye aliyekosa, akirudi na jembe, mwachie nafasi ya kuitwa mtu mwema. Mama yangu hakusoma, lakini mimi ni binti yake na najivuna.

Mungu akupe majirani watakaokutunzia kwako ukiwa mbali, na siku ya kurudi ukute miti yako imekuzidi kimo.