Kumpima Mama Mkubwa

Picha pekee ya bibi, mama yake mama, iliharibiwa na mvua iliyovuja juu ya kabati letu mjini Morogoro. Mama alikaa ameishika, uso wote umefutika, akasema anaogopa ataisahau sura ya mama yake. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamwambia nitamchora.

Kuchora kwenyewe nilikuwa bado najifunza kwenye simu. Kanuni nilikuwa nazo zote: macho hukaa katikati ya kichwa, kati ya jicho na jicho paenee jicho jingine. Nikachora nyuso kadhaa kwa rula. Mama alizitazama kwa adabu, akauliza ni akina nani.

Basi nikapanda milimani, Matombo, kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ukoo mzima husema ni bibi mtupu kwa sura. Nikamketisha barazani, nikafumba jicho moja, nikanyoosha mkono na penseli kumpima kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Akaruka kama aliyekanyaga siafu.

"We! Unanipima kaburi mimi? Nimekufa?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kule mtu hupimwa kwa kijiti mara moja tu, na siku hiyo hana habari. Niliomba radhi mpaka mate yakanikauka. Nikajua safari imeharibika, na mama atabaki na karatasi yake tupu.

"Hicho kijiti kitie mfukoni," akasema. "Njoo tumenye ndizi."

Tukamenya. Akaanza kunisema: nimekonda, siji kuwaona wazee, namenya kama ninayechonga mwiko. Kila alipotaka kunisema, mdomo ulipinda kidogo upande wa kushoto kabla neno halijatoka, na jicho la upande huo likajifinya. Hakuna kanuni iliyowahi kuniambia hilo. Nikanawa utomvu, nikachora mbio mbio bila kupima chochote, naogopa nisije nikaanza kufikiri. Sikio moja lilitoka kubwa kupita kiasi. Nikaliacha.

Niliporudi mjini nikampa mama ile karatasi. Aliishika mbali, akaisogeza karibu. Kisha akavuta kanga kichwani, akakunja goti.

"Shikamoo, mama," akaiambia.

Nilishusha pumzi, nikaenda jikoni nikalia kwa raha zangu.