Kichaka cha Getini kwa Mama

Ijumaa nilifuata mbolea kwenye duka la miche Abu Hamour, huku ugenini jangwani. Mlinzi mmoja Mkenya, akiwa na sare yake ya kazi, alikuwa amesimama mbele ya kichaka chenye maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Alichuma jani, akalifikicha, akalinusa akiwa amefumba macho.

"Hii ni ya kwetu Eldoret," akamwambia muuzaji. "Iko kwa geti ya mamangu."

Muuzaji, Mtanzania, akamwonyesha kibandiko. "Asili yake Australia, kaka. Huko mti huu unaota kandokando ya vijito. Hapa usipoumwagilia, umekwisha."

"Australia wapi! Nimekua nikiiona."

Akaupiga picha, akamtumia mama yake. Jibu la sauti likaja hapo hapo, sote tukalisikia: "Inafanana na ile yetu. Tuliing'oa tukijenga ukuta. Kwani sikukuambia?"

Mlinzi akatia simu mfukoni.

"Unauchukua?" muuzaji akauliza.

"Tunalala sita kwa chumba. Nitaiweka wapi?" Kisha, taratibu: "Naomba huo mpira wa maji."

Kibandiko na kiseme kitakavyo. Mwenye mti nilimwona, akiumwagilia.