Posa Iliyogeuka Kesi ya Jezi

Kwetu, siku ya kujadili mahari, bwana harusi hasemi. Anakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, anakunywa soda yake polepole, na wazee ndio wanaomsemea. Sijui aliyetunga desturi hiyo alimfikiria mtu wa aina gani, ila mimi hakunifikiria. Asubuhi nzima nilikaa sebuleni kwa wakwe zangu pale Tuwan, Kitale, nikisikiliza watu wazima wakinijadili kana kwamba nimeshakufa.

Kosa langu lilikuwa raga. Nilizaliwa Matulo, nikajifunza mchezo huo shuleni Kitale, na timu ya taifa ya Kenya haikuwahi kuniita. Klabu moja ya Romania ikaniita. Nilicheza huko miaka ya kutosha mpaka wenyewe wakaniomba nivae jezi ya taifa lao, nikaivaa. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Nimeisimulia kanisani, nimeisimulia matangani, nimeisimulia kwa kinyozi wa Bungoma aliyezima mashine katikati ya kichwa changu akitaka kujua kama niliimba wimbo wao wa taifa. Niliimba. Alikataa kumaliza upande wa pili mpaka nimweleze kwa nini.

Sasa ilikuwa zamu ya baba wa mchumba wangu, mzee aliyecheza raga ujanani na ambaye bado ana shingo nene ya kazi hiyo.

"Mimi sina shida na ng'ombe," alisema. "Shida yangu ni moja. Huyu kijana wenu ni wa wapi?"

Baba mdogo, msemaji wetu, alidakia. "Mzee, huyu ni wetu kabisa. Hiyo Lomania ni kazi tu, bana. Ata wewe si ulifanyanga kazi Nairobi?"

"Nairobi sikuimba wimbo wa watu."

Wakacheka. Mimi nilisaga meno. Shangazi yangu akadai jezi ni nguo tu, ikichafuka inafuliwa. Mjomba mmoja wa upande wao, ambaye sidhani kama amewahi kushika mpira wa raga, akauliza, "Na Kenya ikicheza na hao watu, ati huyu ataangusha watoto wetu?" Walibishana juu ya hilo mpaka birika la pili la chai. Jibu nilikuwa nalo, tena fupi: ndiyo, ningewaangusha, si ndiyo kazi yenyewe? Lakini kila nilipofungua mdomo shangazi alinifinya paja.

Baba mdogo alipoona mambo yamekwama, akatoa ahadi ambayo hakuna aliyemtuma kuitoa.

"Mzee, usijali. Mkataba ukiisha mwaka ujao hawa watoto wanarudi. Wanajenga hapo kwetu Matulo. Utawaonanga kila Krismasi."

Mzee akashusha mabega. "Kama wanarudi, mimi sina maneno. Iteni msichana."

Hatukuwa tunarudi. Mchumba wangu ni muuguzi, alikuwa ameshapata kazi huko Romania, na kila jioni alikuwa akijifunza lugha yao. Kumwambia baba yake alikuwa anaogopa. Nami sikuweza kumwacha mzee wa watu atoe mtoto wake kwa uongo wa baba mdogo. Nikasimama.

"Baba, haturudi."

Shangazi alisema, "Yesu wangu." Baba mdogo alinitazama kana kwamba nimetapika mezani. Kwa vile nilikuwa nimeshaharibu, na hasira zimenijaa, nikaanza hotuba yangu ya siku zote: kwamba hapa sikuitwa, kwamba raga ni ajira, kwamba bendera hailiwi. Mzee akainua mkono.

"Wacha mpira, kijana. Mpira nilikuwa nauliza tu kwa sababu hii ingine ni ngumu kuuliza." Aligeuka kuangalia mlango wa jikoni, ambako binti yake alikuwa ameshafika na kusimama. "Mimi niko na huyu mmoja peke yake. Nikigonjeka, nitaita nani?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya bendera. Nikaketi.

Mzee akamuuliza binti yake, kama desturi inavyotaka, iwapo anawajua wageni hawa. Akasema huku analia kwamba anatujua, ndiyo kukubali kwenyewe.

"Basi waende na wewe," alisema mzee, akatoka nje bila kungoja chakula.