Vitambaa vya Mama Atieno vimegeuka pinki

Watu wangu, leo nimeharibu vitambaa vya marehemu bibi yangu, Mama Atieno.

Jana nikitoka kazi ya mjengo nilipitia soko la mitumba la Gikomba, nikapata sweta nyekundu, haina hata shimo. Nilifurahi kama mtoto.

Leo sina kazi. Atieno wangu anafunga shule kesho arudi nyumbani, nikasema apate nyumba safi. Nikatoa vile vitambaa vyeupe vya viti, mama yake alifuma na mkono. Cha mwisho hakumaliza, uzi bado unaning'inia.

Nikaloweka vyote kwa karai. Na ile sweta pia, ndio nisimalize maji.

Nikaenda kuchuma sukuma wiki hapo nje, nimepanda kwa gunia. Kurudi, maji yote ni mekundu.

Mama Kevo, jirani, akachungulia.

"Baba Atieno! Mtumba mpya unaloweka na nyeupe? Wewe ni mtu mzima aina gani?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaona ule uzi.

"Ngai. Ni vya Mama Atieno?"

Akaweka ndoo yake chini. Akaleta ndimu na chumvi. Tumesugua mpaka vidole vinauma, bado ni pinki.

Saa hii viko kwa kamba. Kile hakijaisha kufumwa nimekishika mwenyewe, naogopa kukianika kifumuke.

Anayejua dawa ya kutoa rangi aniambie leo, kabla mtoto afike.

Na msiniambie ninunue vingine.